4,294,967,297 si tasa
Zii buda, umeuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa juu umejaribu kuigawanya na 3, 7, 11 na 13 ikakataa. Si tasa. Hapo ulikuwa umeacha mapema tu, hiyo ni 641 × 6,700,417, piga kwa kalkuleta uone.

Yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, na Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliamini kabisa namba za aina hiyo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 hivyo, kipeo kikizidishwa kwa 2 kila mara, ukiongeza 1) zote ni tasa, na uzuri ni kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinakubali, sasa ya sita ndiyo hii, ikamwangusha. Euler, mwanahisabati Mswisi, ndiye aliivunja 1732, na hakushuka kila steji kama mathree ya Rongai, alijua kigawanyo chochote tasa cha hii namba lazima ukikigawanya kwa 64 kibaki 1. Kwa hivyo unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641, paap, imeingia bila baki. Majaribio matano tu manze!

Maswali mengine kuhusu hii namba, kama ni shufwa au witiri, na kama ni pungufu au kamilifu, ni rahisi: ni witiri, vigawanyo vyake ni vinne pekee (1, 641, 6,700,417 na yenyewe), na ukijumlisha vile vitatu vidogo unapata 6,701,059, hata haikaribii namba yenyewe, so ni pungufu (jumla ya vigawanyo vyake vidogo ni chini ya namba yenyewe). Kamilifu, yaani jumla iwe sawa na namba yenyewe, sahau. Na 6,700,417 usiisumbue tena, hiyo ni tasa.