Kwa askari mstaafu anayetaka kufungua duka Pemba

Huja vijana waliostaafu jeshi (kwangu mimi ni vijana, ingawa wengine wana wajukuu), wakakaa kwenye benchi la duka langu hapa Mtambile, wakaagiza soda, na tukishamaliza kuulizana hali za nyumbani swali linatoka: "Mzee, na mimi nataka duka. Nianzie wapi?" Wengi wao walikwenda Darfur au Kongo. Mimi ni wa zamani zaidi, wa vita vya Kagera. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo naandika.

Mtaambiwa na kila mtu kwamba askari ana nidhamu, kwa hiyo biashara itamkubali. Ni kweli nusu. Kuamka mapema, kuhesabu, kuweka kitu mahali pake, hayo tunayo. Lakini jeshini "hapana" inatoka juu kuja chini, na aliyeambiwa anapiga saluti. Dukani hiyo "hapana" unatakiwa umwambie shangazi yako aliyekubeba mgongoni, na kesho mkutane msibani. Hakuna kambi inayofundisha jambo hilo. Maduka ya wastaafu niliyoyaona yakifa hapa kusini hayakuuliwa na kodi wala na jirani aliyefungua duka kubwa zaidi. Yaliuliwa na mkopo.

Fedha za huku zinakwenda na karafuu. Msimu ukiingia, mchumaji analipwa kwa pishi, kinamama wanachambua usiku mpaka vidole vinabadilika rangi, majamvi yametandikwa hadi kando ya barabara, na mwenye shamba anarudi kutoka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, mfuko umetuna. Siku hizo utauza mpaka vitu ulivyovisahau kwenye rafu. Kisha msimu unakwisha. Na mkarafuu una mwaka wa kuzaa hadi matawi yanainama, una na mwaka wa kukupa mgongo, lakini tumbo la mtu halijui huu ni mwaka gani. Anakuja, anataja anachotaka, halafu anasema kwa sauti ya chini: "Niandikie."

Kukataa mkopo moja kwa moja hapa haiwezekani. Wako walioandika ukutani "Leo fedha, kesho mkopo", na wamebaki na ukuta wao. Ninachokushauri ni kuweka kikomo kwa kila nyumba, tena ukitaje wakati mtu ana fedha, msimu haujakwisha. Ukimtajia kikomo mtu mwenye njaa, umemtukana. Ukimtajia siku anapolipa deni la zamani, mnacheka pamoja na anakubali.

Kisha andika. Mteja awe na kijitabu chake na wewe chako, na kila kinachochukuliwa kiandikwe kote kuwili, yeye akiona. Atakayekwambia kwamba kuandikiana ni kutoaminiana, mkumbushe kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Al-Baqara, inahusu kuandika deni, na inataka liandikwe liwe dogo au kubwa. Ila usiishie hapo ukajifanya sheikh wa aya moja. Aya mbili nyuma yake, ya 280, inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Muuza duka wa Pemba anaishi baina ya aya hizo mbili.

Namna ya kusema "imetosha" ndiyo kazi yenyewe. Juzi kaja mama mmoja wa jirani.

"Ami, nipimie mchele kilo tatu na sukari kilo, uniandikie."

Sikumjibu. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wake, nikaligeuza limwelekee yeye. Akalitazama.

"Limefika?"

"Limefika, mwanangu. Mchele chukua kilo moja. Sukari tungoje kidogo."

Akachukua, tukaagana vizuri. Kwenye benchi palikuwa na watu wanne na hakuna aliyejua kilichopita. Ningetumia sauti ya gwaride, shehia nzima ingejua kabla ya adhuhuri, na yule mama asingekanyaga tena dukani kwangu, hata kuja kulipa. Sauti ile wengi wetu tunatoka nayo jeshini bila kujijua. Mwambie mkeo akukanyage mguu ukianza.

Vitu vya kukopesha viwe chakula na sabuni. Sigara na vocha, fedha mkononi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Na mtu akitaka kukulipa kwa karafuu, usipokee hata konzi. Serikali haina mzaha na karafuu zinazokutwa penye mashaka, na huna haja ya kumweleza askari wa doria kwamba ilikuwa deni la unga.

Kuhusu kiinua mgongo: usikiingize chote. Wapo waliojaza rafu hadi dari na kununua mafriji kabla hawajajua jirani zao wanakula nini. Anza na mchele, unga, sukari, mafuta, chumvi, sabuni, na uangalie kipi kinaisha kwanza. Hicho ndicho uwe na akiba yake. Novemba 1978 majeshi ya Amin yalipolibomoa daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera, tulikuwa na watu na tulikuwa na hasira, lakini mzigo hauvuki mto kwa hasira. Tulingoja mpaka lilipotandikwa daraja la chuma. Duka la Pemba nalo mto wake ni bahari. Kusi ikikaza na mkondo wa Nungwi ukachafuka, mzigo wako unalala bandari ya Malindi kule Unguja, na mwenye magunia mawili ya ziada ndiye anayeuza.

Leseni utashughulikia Baraza la Mji Mkoani; ni foleni tu, na foleni umeshazizoea. Hesabu ya mali yote ifanye mwaka wa zaka unapotimia, maana asilimia 2.5 huwezi kuitoa bila kujua una nini. Ukaguzi wa bohari na ibada vinakwisha siku moja.

Lipo moja hawaniulizi, nami nalisema tu. Wenzangu wengi hatulali vizuri. Tairi la gari likipasuka barabarani mimi bado nainama nyuma ya kaunta, na wateja wangu wa siku nyingi wanajifanya hawakuona. Kwa miaka nilidhani duka litaniponya kwa sababu linanichosha. Halikuniponya. Kilichosaidia ni kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee nikamwambia daktari mambo kama yalivyo, bila kuyapamba. Huku mtu akisikia maradhi ya akili anawaza Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, na minyororo, ndiyo maana watu wananyamaza. Nenda. Na siku ambazo kichwa hakijatulia usikae kaunta, maana siku hizo ndipo unapomfokea mtoto wa watu kwa shilingi mia. Mimi siku hizo namwachia mke wangu duka, nakwenda shamba. Nikirudi nikifungua daftari, mauzo hayajapungua. Mara nyingine yamezidi.