Maonyesho yakifutwa, mchapishaji mdogo hupoteza nini?
Umeuliza kwa nini wachapishaji wadogo wa michezo ya mezani waliumia mwaka 2020, maonyesho makubwa ya michezo hiyo, Gen Con ya Indianapolis, Marekani, na SPIEL ya Essen, Ujerumani, yalipohamia mtandaoni, ilhali mtandaoni watu wananunua vilevile. Ndugu yangu, shida ni pesa iliyokwisha kutoka. Mchezo huchapwa miezi kadhaa kabla, kwa hesabu ya kuuzwa kibandani, ambako mnunuzi humlipa mchapishaji bei kamili. Mchezo ukipitia kwa msambazaji kisha duka, kwa kawaida mchapishaji anabaki na chini ya nusu ya bei hiyo. Maonyesho yakifutwa, maboksi yanalala ghalani na kodi ya ghala inadai.

Kampuni kubwa inajulikana tayari. Mdogo anategemea mtu apite, avutiwe, aketi, arushe dadu raundi mbili huku mtunzi mwenyewe akimweleza kanuni, ndipo atoe pochi. Picha ya boksi haiwezi kazi hiyo hata kidogo! Mnunuzi naye anabahatisha, tena analipia usafirishaji wa boksi zito. Kama kuna mchezo wa mtunzi mdogo unaoutamani, nunua kwenye tovuti yake mwenyewe. Hapo sehemu kubwa zaidi ya pesa yako inamfikia.