Tope la majitaka: jua kwanza, kuni baadaye

Kijana mmoja wa Dodoma ameniandikia: "Kaka, nataka kukausha tope la vyoo niuze mbolea. Nijenge tanuri la kuni la ukubwa gani?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi wenye ndoto hiyo, na mimi ndiyo kazi inayoniweka mjini hapa Moshi.

Tope likishushwa kwenye gari, karibu asilimia 97 ni maji. Kilo moja ya kuni kavu, kwenye tanuri linalopoteza nusu ya joto lake, hufukuza kilo 3 hivi za maji. Piga hesabu: tani moja ya tope inakula zaidi ya kilo 300 za kuni, ubaki na kilo 30 za kitu kikavu. Hapo utafilisika. Anza na vitanda vya mchanga na kokoto, maji yachuje, jua limalizie. Tope likipasuka, vipande vikainua kingo na koleo likapita chini bila kunata, sasa washa moto. Kwenye kilo 50 za tope la namna hiyo maji yaliyobaki ni kilo 20 tu. Kuni kilo 7 au 8 zinatosha.

Moto wenyewe ni wa kuua mayai ya minyoo. Nyuzi 70 zikae saa nzima, na upime katikati ya rundo, pembeni patakudanganya.

Nilipoomba mkopo, ofisa mmoja alinicheka mbele ya wateja: "Unataka kumaliza msitu wa Kilimanjaro ukaushe mavi?" Nilitoka na faili kwapani. Mpaka leo linaniuma, maana hakufungua hata ukurasa mmoja. Msitu ule ni hifadhi, siugusi. Nachoma maranda ya mafundi seremala na matawi ya migrevilea yanayopogolewa mashambani, mti unachipua tena. Masika hii, wakati vitanda vya wengine vimegeuka madimbwi, mimi nimetoa mzigo.

Jamani, heshimuni kuni. Kuni mbichi nusu yake ni maji, unachoma fedha upate moshi. Zipasueni, zipangeni chini ya bati, zikauke. Vitanda navyo viezekeni kabla ya masika. Nasema tena: jua kwanza! Na majivu msimwage, yana potasiamu. Changanyeni na tope lililokwisha kupikwa, pelekeni kwenye migomba.