Jibu: Roli za filimu zikae kabatini au kwenye friji?

Mkuu, umeuliza kama zile roli mpya za Gold 200, filimu ya rangi ya Kodak, pamoja na mbili alizoacha mzee, zinaweza kukaa kabatini hapo Temeke. Waliokujibu kwamba joto la kawaida halina neno wamesahau kuwa Kodak wanapendekeza chini ya nyuzi 21. Dar mwezi wa pili, hata saa tisa usiku, hizo 21 utazipata wapi?

Mwezi mmoja au miwili kabatini si kesi. Zaidi ya hapo, friji. Joto huzifanya zile chembe za madini ya fedha zinazonasa mwanga kwenye filimu zijitengenezee weusi wenyewe bila kuona mwanga, polepole kabatini, haraka sana ndani ya gari lililofungwa juani. Niliwahi kusafisha roli ya mteja iliyosafiri kwenye dashibodi kutoka Dodoma. Nafasi kati ya picha na picha kwenye negativu, zinazotakiwa kuwa rangi ya chungwa safi, zilikuwa kahawia nzito kama chai ya rangi. Gauni la bibi harusi lilitoka vizuri tu. Waliopotea ni wageni waliokaa chini ya mwembe: nyuso zote tope lenye ukijani. Utandu ule wa weusi wa joto hula kwanza sehemu za giza, na ngozi zetu kivulini huangukia hapo hapo. Rangi nazo huyumba kwa sababu matabaka yake hayazeeki kwa mwendo mmoja. Filimu za nyeusi-na-nyeupe kama HP5 ya Ilford huvumilia zaidi, na filimu ya ISO 800, inayonasa mwanga mdogo, huchoka kabla ya ile ya 100.

Friji nayo ina adui wake, unyevu. Usifungue kikopo mpaka siku ya kupiga, na vikopo vyote vitie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ukitoa, subiri. Wengi husema saa moja inatosha. Mimi kwa hewa ya Dar nasubiri mbili, mpaka kikopo kiache kutoa jasho. Ukikifungua kingali baridi, jasho hilo linahamia kwenye filimu yenyewe na kuacha madoa. Umeme ukikatika usihangaike. Na harufu ya samaki wa frijini haiidhuru filimu, anayelalamika kwangu ni mama watoto tu.

Kinachonishangaza ni watu wanaotunza roli mpya kwenye baridi, halafu zilizokwisha kupigwa zinazunguka na begi miezi sita. Picha iliyopigwa bila kusafishwa hufifia, na joto huiharakisha. Hiyo ndiyo ya kuwahisha.

Za mzee: wazoefu huongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa kila miaka kumi tangu muda wake uishe, ila hesabu hiyo haiaminiki kwa filimu iliyopikwa na joto. Kabla ya kuingiza kwenye kamera, tazama ulimi wa mkanda, ile ncha ya filimu inayochungulia nje ya kasha. Kama umezama wote ndani, kuna uwezekano mkubwa mzee alishaipiga. Usiipige tena, peleka ikasafishwe.