Barua kwa mwanangu: zile pointi tano na mwaka wa kulea

Mwanangu,

Umeniuliza: ukikaa nyumbani mwaka mzima kumlea mtoto, zile pointi 5 za mafunzo ambazo mawakili wa Kenya hudaiwa kila mwaka zitaendelea kukudai? Jibu liko kwenye leseni yako ya uwakili, ile inayochukuliwa upya kila mwaka. Aliyechukua leseni ya mwaka huo anadaiwa pointi, awe anapanda ngazi za mahakama ya Milimani kila asubuhi au ananyonyesha nyumbani Umoja. Kujifungua tu hakusimamishi hesabu.

Kwa hiyo pima kwanza urefu wa mapumziko. Ile miezi 3 ya uzazi unayopewa na Sheria ya Ajira ya 2007, kwa mshahara kamili, haina haja ya barua wala ruhusa ya LSK, Chama cha Mawakili wa Kenya. Mwaka wa uwakili huanza Januari 1 na kuisha Desemba 31, na miezi 9 inayobaki inatosha kabisa kwa pointi 5, hasa sasa semina zinapofanyika mtandaoni. Shika leseni, tafuta pointi.

Mwaka mzima ni jambo jingine. Unaweza kuacha kuchukua leseni ya mwaka huo, na jina lako litabaki kwenye daftari la mawakili. Lakini usiguse kazi ya uwakili hata kidogo, nakusihi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili kinataka leseni iliyo hai. Kifungu cha 31 kinasema anayefanya kazi hiyo bila leseni amedharau mahakama, ametenda kosa, na ada yake hawezi kuidai kortini. Hatari haitakuja kama kesi kubwa. Itakuja kama shangazi mwenye mkataba wa kuuza shamba, au rafiki anayetaka afidaviti, hati ya kiapo, igongwe muhuri jioni hiyo. Wapeleke kwa wakili mwenye leseni. Usijifiche nyuma ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2015, kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Uliokoa hati isibatilike kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na leseni. Ulimlinda mteja, na kosa la wakili lilibaki palepale.

Panapokwama zaidi ni kurudi. Ukiomba leseni mpya, LSK hutazama pointi za mwaka uliotangulia, nao ndio mwaka uliokuwa nyumbani. Basi maliza pointi za mwaka huu kabla hujaondoka, kisha mwandikie Katibu wa LSK pale Gitanga Road: jina lako kamili, nambari ya P105 (ile ya kusajiliwa kwako uwakili), tarehe ya kuacha na ya kurudi, sababu, na swali moja wazi kuhusu pointi za mwaka huo. Subiri jibu la maandishi. Neno la kwenye simu halitakusaidia Januari, aliyekupokea akiwa amehamishwa.

Hata ukipata jibu zuri, mimi ningezikusanya zile 5 mtoto akilala mchana. Uingereza na Wales waliacha kuwahesabia mawakili wanaoitwa solicitor saa 16 za mafunzo za kila mwaka tangu Novemba 1, 2016, na sasa solicitor wa kule hujipima mwenyewe anachohitaji kujifunza. Sisi bado tunahesabu, kwa hiyo hesabu na wewe.

Omba leseni ya kurudi Januari yenyewe. Iliyotolewa ndani ya mwezi huo huhesabiwa tangu tarehe 1. Kuanzia Februari huanza siku ilipotolewa. Ukitia sahihi plidi, yaani hati za kesi zinazopelekwa kortini, Februari 3 na leseni ikatoka Februari 10, siku hizo 7 hukuwa nayo, na wakili wa upande wa pili ataliona hilo.

Kwenye semina za mtandaoni, ingia kwa jina lililo kwenye daftari, si lile la utani lililo kwenye simu yako, la sivyo mahudhurio hayataonekana. Pakua cheti siku hiyohiyo, kisha baada ya wiki mbili angalia akaunti yako ya LSK kama pointi zimeingia. Zisipoingia, dai mapema, wakati aliyeandaa semina bado ana orodha mkononi.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama