Kwani huko mtu hufanya kazi siku gani?

Wiki jana wifi yangu aliniuliza hivyo kwenye kundi la familia, mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimetuma picha tatu: mlima uliofunikwa na ukungu, paka wangu Makaa akiwa amejikunja dirishani, na ng'ombe ambaye nywele zimemziba macho. Mama akauliza huyo ng'ombe anatoa lita ngapi. Usiku huohuo mtoto wa wifi, kijana wetu wa Kaptembwa, pale Nakuru, anayepiga picha za harusi na mahafali, akanifuata pembeni: "Shangazi, niambie ukweli. Picha zinalipa huko? Nije?"

Nawajibu wote kwa pamoja, maana najua hata mliokaa kimya mnaulizana.

Wifi, nafanya kazi usiku nne kwa wiki katika makao ya wazee hapa Glasgow, Uskoti. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Nawageuza wasioweza kujigeuza, nabadilisha nepi za watu wazima, nawapa maji kwa kijiko. Kuna bibi mmoja ambaye kila ikifika saa tisa ananiita kwa jina la dada yake, nami naitika. Simu yangu wakati huo iko ndani ya kabati, imefungiwa. Hatupigi wazee picha, na hata kama kanuni hiyo isingekuwepo nisingewapiga: mtu asiyeweza kukubali wala kukataa unamwachia heshima yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu haina picha hata moja, wala haitakuwa nayo. Mnaletewa siku za ofu peke yake, na mtu akioneshwa Jumapili tu atadhani wiki nzima ni Jumapili.

Hata hizo ofu nazigombania na jua. Mwezi wa Desemba hapa jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri. Mwanga wa saa saba tu kwa siku, tena mara nyingi mawingu yamelifunika. Baada ya zamu natoka gizani, nalala, naamka gizani. Msimu wangu wa kwanza, 2022 kuingia 2023, nilipitisha wiki tatu bila kuona kivuli changu. Ndipo nikanunua kamera, Nikon ya mtumba yenye mkwaruzo ubavuni, ili niwe na sababu ya kutoka kitandani kabla mwanga haujaisha.

Lakini nisiutukane sana mwanga wa huku, kwa sababu una jambo moja ambalo Nakuru hatuna. Kwetu tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua la jioni hushuka wima kama jiwe kisimani. Ukisimama ukingoni pa kreta ya Menengai una dakika chache za ile rangi ya asali, kisha giza. Huku jua hushuka kwa mshazari, likikokota. Mwezi wa Juni linazama kama saa nne usiku, na ile rangi ya asali inaweza kukaa zaidi ya saa nzima. Mara ya kwanza nilikimbia na kamera kama nilivyozoea nyumbani, nikapiga haraka haraka, nikamaliza nikihema. Mwanga ukabaki palepale ukinitazama.

Sasa Makaa. Mnamcheka kwamba ana bima na mimi nalalamikia bei ya unga. Ni kweli ana bima. Nilimchukua kituo cha wanyama waliotelekezwa, na maswali niliyoulizwa yalizidi ya usaili wangu wa kazi: mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi? Nani atamlisha ukisafiri? Dirisha linafungika? Mwaka wa kwanza sikumkatia bima, nikisema moyoni, kwetu Bahati paka hula panya na kujitafutia. Akaoza jino. Daktari wa wanyama akanitoza pauni zaidi ya 400, yaani kama shilingi 70,000. Mimi mwenyewe nikiugua natibiwa bila kulipa mlangoni, ila paka analipa. Mwezi ule mliletewa nusu ya pesa mlizozoea, nikawaambia zamu zimepungua. Hazikupungua. Lilikuwa jino la paka. Mama, samahani.

Mtaniuliza kwa nini basi nisiachane naye. Narudi nyumbani asubuhi, jirani wa ukuta mmoja nimepishana naye ngazini miaka miwili na najua tu rangi ya koti lake. Makaa anakuja mlangoni akipiga kelele kama mwenye deni. Mtu akikudai, angalau anajua upo.

Tena amenifundisha kupiga picha kuliko mtu yeyote. Mpwa wangu, hili ni lako, lisikie vizuri. Kamera haina akili. Kila kitu inachokiona inataka kiwe kijivu. Ukimpiga paka mweusi ikiwa inajipangia yenyewe, inaona giza, inaongeza mwanga, na Makaa anageuka jivu. Theluji nayo inaonekana nyeupe kupita kiasi, kamera inapunguza mwanga, na theluji inatoka kama maji ya dobi. Kwa hiyo kwa cheusi punguza, kwa cheupe ongeza. Bibi harusi wako anapojaza fremu na ile gauni, usiiamini kamera. Na mzee mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi la ukumbi, usimwongezee mpaka akawa rangi ya chai. Watu wetu wana rangi yao, iache.

Yule ng'ombe mnadhani nilimfuata milimani. Nilipanda basi. Wako ndani ya bustani ya Pollok, hapahapa Glasgow, na kuwatazama ni bure. Safari ya kweli ni ile ya mlima: treni ya kwenda Mallaig, zaidi ya saa tano kwenda tu, ukipita kwenye daraja la Glenfinnan lenye matao 21. Tiketi nilinunua mapema ili iwe nafuu, chapati nilibeba kwenye foili, na nikarudi siku ileile kwa sababu hoteli inakula malipo ya zamu mbili. Picha mliyoipenda nyote niliipiga nikiwa nimeumwa na visubi usoni hadi jicho moja likafumba. Hao ni wadudu wadogo wa kiangazi cha huku, hawaonekani mpaka wamekumaliza. Hamkuwaona kwenye picha. Nami pia nilijitoa nje ya fremu.

Sasa, kijana, swali lako. Picha hazinilipi hata senti. Viza yangu ni ya kazi niliyoajiriwa, siyo ya kupiga picha, kwa hiyo harusi moja ya Wakenya niliyopiga Edinburgh nililipwa pilau na asante. Wenyeji wanaoishi kwa kamera wapo, ila wengi niliokutana nao wana kazi nyingine pembeni. Na njia niliyopitia mimi mwaka 2022, ya wahudumu wa wazee, imefungwa: tangu Julai 22, 2025 waajiri hawaruhusiwi kuleta wahudumu wapya kutoka nje ya Uingereza. Kabla ya hapo, tangu Machi 2024, waliokuja kwa njia hiyo walikatazwa kuja na mume, mke au watoto. Kwa hiyo wakala yeyote wa hapo mjini anayekuambia bado nafasi zipo, lete kwanza laki tatu, huyo ni mwizi. Mwambie shangazi yako yuko ndani ya kazi hiyo na amesema hivyo.

Sisemi usitoke. Kama ni chuo, tutafute pamoja, na ada tuihesabu mapema kwa karatasi, siyo kwa matumaini. Nasema tu usije kwa sababu ya picha zangu. Wewe Jumamosi moja unapiga watu mia mbili wanaocheka, wanakujua kwa jina, wanakuvuta mkono ukale nao. Mimi albamu yangu ya huku nikiifungua, ni ukungu, maji, mawe, paka. Watu ninaowajua wamo kwenye kabati pamoja na simu.

Halafu kuna Simba, mbwa wangu niliyemwacha kwa Mama. Kila mwaka mnaniuliza kama nitamleta kweli, kama nilivyoapa uwanja wa ndege. Niliulizia. Mbwa wa kutoka Kenya anawekewa chipu chini ya ngozi, anachanjwa kichaa cha mbwa, anangoja siku 30, anatolewa damu ipimwe, kisha anangoja miezi mitatu, halafu anasafirishwa kama mzigo. Gharama yake ilipita tiketi yangu ya kuja. Na sasa ana miaka 12. Hata ningepata pesa, kumtoa chini ya mwembe wa Mama na kumfungia kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya tatu ni kujifurahisha mimi, siyo yeye.

Ila mnanitumia picha zake mkimshika kichwa atazame simu, masikio yamelala, anaonekana kama mshukiwa. Mpwa wangu, Jumapili ukienda Bahati, pita nyuma ya jiko saa kumi na mbili jioni. Usimwite. Inama mpaka usawa wake, ungoje. Picha ikitoka na giza, ikitikisika, nitumie hivyohivyo.

Na Mama, wale ng'ombe hawakamuliwi. Ni wa nyama.