Re: Mama ana baridi yabisi, kwa nini apelekwe kupima moyo?

Mleta mada, pole sana na mama. Umeuliza moyo unahusianaje na viungo wakati presha na sukari yake ziko sawa, na kama dozi ya azuma (antibiotiki azithromaisini) kweli "inasafisha mishipa" kama jirani alivyowaambia. Dada yangu ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kama ulivyo wa mama, na alipata shambulio la moyo kabla ya kufika miaka 40, ndiyo maana nimeona nikujibu kwa kirefu.

Daktari wenu yuko sahihi. Kwenye magonjwa haya kinga inaushambulia mwili wenyewe. Mnachoona ni vidole kuvimba, kumbe uvimbe huohuo umefika kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Mafuta yaliyoganda humo yanabaki na ngozi nyembamba, ikichanika damu inagandia hapo na njia inaziba. Wataalamu wa Ulaya wanataka hesabu ya hatari ya moyo kwa mwenye baridi yabisi izidishwe kwa 1.5. Na msitulizwe na kolesteroli ndogo, maana ugonjwa ukichachamaa kipimo hicho hushuka.

Habari ya azuma ina chanzo. Mwaka 1988 watafiti wa Finland waligundua wagonjwa wengi wa moyo wana kingamwili (dalili kwenye damu kwamba mwili umewahi kupambana naye) dhidi ya bakteria Chlamydia pneumoniae (siyo ile klamidia ya zinaa), na baadaye bakteria huyo akakutwa ndani ya mishipa yenyewe. Ili kuona kama dawa ya kumuua inasaidia, kule Marekani wagonjwa wa moyo kama 4,000 wakagawanywa, nusu wakameza azithromaisini kila wiki mwaka mzima, nusu vidonge visivyo na dawa. Majibu yakatoka 2005: hakuna tofauti. Msimpe mama.

Maambukizi ambayo uhusiano wake na moyo unathibitika zaidi ni influenza (mafua makali ya virusi). Utafiti wa Kanada wa 2018 ulionyesha kwamba ndani ya siku saba baada ya kupimwa na kukutwa nayo, uwezekano wa shambulio la moyo unapanda mara sita. Ulizeni chanjo.

Dada hakuumwa kifua. Alitoka jasho la baridi, kichefuchefu, taya na bega la kushoto vikauma. Zahanati ya kwanza wakampa dawa za vidonda vya tumbo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) hakufanyiwa. Mama akiwa hivyo mkimbizeni hospitali, na mwambieni daktari wa zamu mapema kwamba ana baridi yabisi. Kama anatumia prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe), asiikate ghafla, kwa sababu ikitumika muda mrefu mwili hupunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo; daktari ndiye aipunguze taratibu, maana pia inapandisha presha na sukari.